Kusimama Angani: Ndege ya Harrier na Mtambo wa Kuigiza Urukaji

Kozi anapowinda juu ya mbuga huweza kuonekana amesimama angani, kichwa akiwa ameelekeza upepo unakotoka, mabawa yakipigapiga, na macho yakiwa yamemkazia panya aliye chini majanini. Mtazamaji hudhani kwamba ndege huyo amepumzika. Kumbe sivyo. Kusimama angani ni kazi ngumu kuliko kuruka mbele, nayo humlazimu kozi kusahihisha mkao wake bila kukoma.

Binadamu alipotaka ndege yake ya jeti ifanye vivyo hivyo, alikuta kwamba ugumu huo una sehemu mbili. Ya kwanza ni kupata injini inayoweza kuinua uzito wote wa ndege bila msaada wa mabawa. Ya pili, ambayo mara nyingi husahauliwa, ni kuifanya ndege itulie pale ilipo. Kwa kuwa rubani hawezi kujifunza jambo hilo kwa kukosea mita 20 juu ya sakafu ya zege, hujifunza kwanza katika mtambo uliojengwa chini ardhini ili kuigiza urukaji. Mtambo huo huitwa kiigizi. Lakini kiigizi nacho sharti kifundishwe kusimama angani, na kukifundisha kwa ukweli si kazi ndogo.

NGUZO NNE ZA HEWA

Katika miaka ya 1950 mhandisi Mfaransa Michel Wibault alitoa wazo la kugeuza mwelekeo wa msukumo wa injini moja, ili msukumo ule ule uinue ndege na kisha uisukume mbele. Wazo hilo liliendelezwa Uingereza na wahandisi wa kampuni ya Bristol, wakiongozwa na Stanley Hooker, wakaunda injini ya Pegasus. Ralph Hooper wa kampuni ya Hawker akachora ndege ya kuibeba, iliyoitwa P.1127.

Injini ya Pegasus ina midomo minne ya kutolea hewa, miwili kila ubavu wa ndege. Midomo ya mbele hutoa hewa baridi kutoka kwenye feni, na ya nyuma hutoa gesi za moto. Rubani akiielekeza yote chini, ndege husimama juu ya nguzo nne za hewa. Akiigeuza nyuma polepole, ndege huanza kwenda mbele, na mabawa huanza kuubeba uzito wake.

Tarehe 21 Oktoba 1960, katika uwanja wa Dunsfold, kusini mwa Uingereza, rubani Bill Bedford aliiinua P.1127 kwa mara ya kwanza. Mguu wake mmoja ulikuwa katika plasta baada ya ajali ya gari, na ndege ilikuwa imefungwa kwa kamba ardhini isije ikamponyoka. Jambo la ajabu ni kwamba kamba zile zilizowekwa kwa usalama ziliiongezea kazi ugumu. Kila ndege ilipojongea kidogo, kamba iliishtua, na rubani akawa anapambana na kamba badala ya kuisoma ndege. Tarehe 19 Novemba mwaka huo huo ndege iliinuka bila kufungwa. Tarehe 12 Septemba 1961 ilitimiza safari kamili: ikapaa wima, ikaenda mbele kwa mabawa, ikarudi kusimama na kutua.

Ndege zilizofuata katika ukoo huo zilipewa jina Kestrel, ambalo kwa Kiingereza ni jina la kozi mdogo anayesimama angani. Mwisho ikaja Harrier, iliyoanza kazi katika Jeshi la Anga la Uingereza tarehe 1 Aprili 1969.

Somo la kamba za Dunsfold lafaa kukumbukwa. Kifaa kilichowekwa kumsaidia mwanafunzi chaweza kumfundisha ugumu usiokuwapo. Hilo ndilo litakaloonekana katika habari ya kiigizi.

MNYORORO WA HATUA NNE

Ndege inayokwenda mbele hutulizwa na hewa inayoipita. Mkia wake hufanya kazi kama manyoya ya mshale: ikipotoka, hewa huisukuma irudi. Ndege iliyosimama haipati msaada huo. Iko kama gololi juu ya meza iliyo bapa. Ikiguswa kidogo huondoka, wala hakuna kitu cha kuirudisha.

Usukani wa kawaida nao hauna kazi, maana vipande vinavyochezacheza katika mabawa na mkia havina hewa ya kusukuma. Kwa hiyo Harrier ilipewa vitundu vidogo puani, mkiani na katika ncha za mabawa. Hewa iliyokandamizwa ndani ya injini hupelekwa huko kwa mabomba, na rubani anaposogeza usukani, vitundu hivyo hupuliza hewa na kuinamisha ndege upande anaoutaka.

Sasa na ifuatwe safari ya amri moja ya mkono. Rubani asogezapo usukani kulia, vitundu hupuliza na ndege huanza kuchapuka katika kuviringika. Mchapuko huo hujumlika na kuwa kasi ya kuviringika. Kasi hiyo hujumlika na kuwa mwinamo. Ndege iliyoinama huwa na sehemu ya msukumo wake inayovuta kando, na mwinamo huo ndio mchapuko wa kwenda kando. Mchapuko huo hujumlika na kuwa kasi, na kasi hujumlika na kuwa umbali. Hivyo kati ya mkono wa rubani na mahali ndege ilipo pana hatua nne za kujumlika, na kila hatua huchukua muda wake.

Hesabu ndogo itaonyesha uzito wa jambo hili. Ndege ikiinama nyuzi 1 tu, mchapuko wa kwenda kando ni 9.8 × sin 1°, yaani karibu mita 0.17 kwa sekunde kwa sekunde. Mwinamo huo ni mdogo mno, jicho laweza kuupuuza. Lakini ukiachwa kwa sekunde 10, ndege itakuwa na kasi ya mita 1.7 kwa sekunde, na itakuwa imehama mita 8.5. Juu ya sitaha ya manowari, umbali huo watosha kuitupa baharini.

Hatari ya pili hutoka katika injini yenyewe. Pegasus humeza karibu kilogramu 200 za hewa kila sekunde. Upepo ukivuma kutoka ubavuni kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, hewa hiyo sharti igeuzwe iingie mdomoni mwa injini, na kubadili mwendo wake kwahitaji kani ya 200 × 15, yaani njutoni 3,000. Kani hiyo hutenda mbele ya kitovu cha uzito, kwa hiyo huizungusha pua ya ndege kuukimbia upepo badala ya kuuelekea. Kadiri ubavu unavyozidi kukabili upepo, bawa moja hupata kuinuliwa kuliko jingine, na ikifika kiasi fulani vitundu vya mabawani haviwezi tena kuizuia ndege isipinduke. Mwezi Januari 1969 rubani Mmarekani alikufa Dunsfold kwa ajali ya namna hiyo. Ndiyo maana mbele ya kioo cha Harrier kuliwekwa kijibawa kidogo kinachozunguka na upepo, kama kile cha juu ya paa la nyumba. Kifaa chenyewe ni cha kawaida kabisa, lakini rubani alifunzwa kutokitoa macho.

Karibu na ardhi huja hatari ya tatu. Nguzo za hewa hugonga ardhi, husambaa, hukutana na kupanda tena. Baadhi yake huinua tumbo la ndege, na baadhi huvuta mabawa chini. Gesi za moto zikirudi na kumezwa na injini, msukumo hupungua wakati ule ule unapohitajika zaidi.

KIIGIZI KINAPODANGANYA

Kiigizi ni chumba cha rubani kisicho na ndege. Ndani yake mna usukani, nyenzo na saa kama za ndege halisi. Rubani asogezapo usukani, kompyuta hukokotoa kwa kanuni za Newton ndege ingefanya nini, kisha hubadili picha iliyo mbele ya dirisha. Katika baadhi ya viigizi chumba chote husogezwa pia.

Kiigizi chaweza kudanganya kwa njia mbili. Chaweza kuwa rahisi kupita kiasi, kwa mfano kikiacha nje upepo wa ubavuni au gesi zinazorudi injinini. Mwanafunzi hufaulu humo, kisha hukutana na hatari hizo kwa mara ya kwanza angani. Chaweza pia kuwa kigumu kupita kiasi: rubani hodari hukikalia, na ndege ya kuigiza huyumba kama ngalawa katika mawimbi, ingawa ndege halisi ingetulia mikononi mwake. Mwanafunzi anayefunzwa humo huzoea kusahihisha kwa nguvu mno, na huenda na mazoea hayo kwenye ndege. Anayetaka kuboresha kiigizi hana budi kuziepuka njia zote mbili; kukifanya kiwe laini tu si kukiboresha.

Ugumu wa uongo una chanzo kikubwa kimoja: kuchelewa. Kompyuta huhitaji muda kusoma usukani, kukokotoa na kuchora picha. Kuchelewa kwa sehemu ya kumi ya sekunde hakuonekani kuwa kitu, lakini rubani anayeisimamisha ndege husahihisha daima, na kila sahihisho lake hutegemea anachokiona. Akionyeshwa mahali ndege ilipokuwa, si ilipo, atasukuma wakati ambapo angepaswa kuacha. Ni sawa na mtu anayemsukuma mtoto kwenye bembea: msukumo wa wakati mmoja hupunguza mwendo, na msukumo ule ule ukitolewa wakati mwingine huuzidisha. Kwa hiyo sahihisho linalochelewa huongeza yumbo lile lile lililokusudiwa kulizima.

HESABU KWA PENSELI

Ugonjwa huo huo waweza kujificha ndani ya hesabu yenyewe, hata kama kompyuta ni ya kasi. Kompyuta haikokotoi mwendo kama mto unaotiririka, bali kwa hatua, kama mtu apandaye ngazi. Mwanafunzi aweza kulithibitisha hili kwa penseli na karatasi.

Ndege na iwe mita 1 kulia kwa alama, ikiwa imetulia. Rubani huirudisha kwa kanuni rahisi: kwa kila mita 1 ya kupotoka, mchapuko wa mita 1 kwa sekunde kwa sekunde kuelekea kwenye alama. Mwendo halisi wa namna hii ni wa kubembea kati ya mita 1 kulia na mita 1 kushoto, ukirudi mwanzo kila baada ya sekunde 6.28. Umbali na uitwe x, na kasi iitwe v. Hatua moja iwe sekunde 1.

Utaratibu wa kwanza ni huu: x mpya hupatikana kwa x ya zamani kujumlisha v ya zamani; v mpya hupatikana kwa v ya zamani kutoa x ya zamani.

Sekunde 0: x = 1, v = 0
Sekunde 1: x = 1, v = −1
Sekunde 2: x = 0, v = −2
Sekunde 3: x = −2, v = −2
Sekunde 4: x = −4, v = 0

Ndege iliyoanza mita 1 kulia sasa iko mita 4 kushoto. Nishati imeongezeka bila kutoka popote. Rubani hakukosea, na kanuni za Newton hazikukosewa. Kosa limo katika kutumia habari ya zamani kwa hatua nzima, nalo ni kuchelewa kwa sura nyingine.

Utaratibu wa pili hubadili jambo moja tu. Kwanza hukokotolewa v mpya, kisha x mpya hupatikana kwa kutumia hiyo v mpya.

Sekunde 0: x = 1, v = 0
Sekunde 1: v = −1, x = 0
Sekunde 2: v = −1, x = −1
Sekunde 3: v = 0, x = −1
Sekunde 4: v = 1, x = 0
Sekunde 5: v = 1, x = 1
Sekunde 6: v = 0, x = 1

Ndege imerudi ilipoanza, haikupita mita 1, na muda wa mzunguko ni sekunde 6, karibu sana na ule wa kweli. Hakuna kifaa kilichonunuliwa wala kasi iliyoongezwa. Mistari miwili ya hesabu imebadilishana nafasi.

Hatua zikifupishwa, utaratibu wa kwanza nao hutengenea, ila haupoi kabisa. Kwa hatua ya sekunde 0.1, bembeo la mita 1 hukua kufikia karibu mita 1.4 katika mzunguko mmoja. Ndege inayokwenda mbele huweza kulificha kosa kama hilo, kwa sababu hewa huzima mayumbo yake. Ndege iliyosimama haina cha kulificha. Kwa sababu hiyo hesabu inayofaa kwa ndege ya abiria yaweza kushindwa kabisa kwa Harrier.

MACHO NA MWILI

Hata hesabu ikiwa sahihi, rubani aweza kushindwa kwa kukosa habari. Anayesimamisha ndege angani hujua kwamba anajongea kwa kutazama vitu vidogo: ncha za nyasi, nyufa za zege, mstari wa rangi ukilinganishwa na mti ulio nyuma yake. Picha za kompyuta za miaka ya 1970 zilionyesha uwanja kama kitambaa cha rangi moja. Juu ya kitambaa hicho ndege yaweza kuhama mita kadhaa kabla jicho halijatambua. Kuongeza mabaka, vivuli na alama karibu na mahali pa kutua humrudishia rubani kile ambacho ardhi ya kweli humpa bure.

Mwili nao una habari zake. Sikio la ndani huhisi mchapuko kabla jicho halijaona kasi. Kwa ajili hiyo kituo cha utafiti cha Ames, huko California, Marekani, kilijenga kiigizi ambacho chumba chake husafiri mita 18 juu na chini na mita 12 kwa ulalo, ndani ya jengo refu kama mnara. Ndege za kupaa wima ni miongoni mwa zilizochunguzwa humo.

Lakini uboreshaji wapimwaje? Mwaka 1969 George Cooper na Robert Harper wa Marekani walitoa kipimo ambacho rubani huulizwa maswali kwa mpango, kisha huipa ndege namba kuanzia 1, ambayo ni bora kabisa, hadi 10, ambayo ni mbaya kabisa. Kipimo hicho hakiulizi tu kama kazi ilifanyika. Huuliza pia rubani alitaabika kiasi gani kuifanya. Kiigizi kilicho cha kweli ni kile kinachompa rubani taabu ile ile atakayoipata angani, bila kuzidi wala kupungua.

KUUFUPISHA MNYORORO

Kiigizi kilipokuwa cha kweli, kilionyesha pia jambo ambalo marubani walilijua kwa uchungu: Harrier yenyewe ilidai mengi mno. Mkono wa kulia ulishika usukani. Mkono wa kushoto ulikuwa na nyenzo mbili zilizokaa jirani, mmoja wa nguvu ya injini na mwingine wa kugeuza midomo. Kushika usio wenyewe wakati wa kutua kungeweza kuleta maafa.

Katika miaka ya 1980 watafiti wa kituo cha serikali karibu na mji wa Bedford, Uingereza, walianza kuuliza swali jingine. Badala ya kumzoeza rubani mnyororo wa hatua nne, je, kompyuta haiwezi kuzibeba hatua tatu? Walijaribu mipango mbalimbali katika viigizi, kisha wakaipeleka angani kwa Harrier ya viti viwili iliyogeuzwa kuwa maabara, iliyojulikana kwa jina VAAC. Rubani wa kiti cha nyuma alirusha kupitia kompyuta, na wa kiti cha mbele alikuwa tayari kuichukua ndege kwa nyenzo za kawaida mambo yakiharibika.

Mpango uliotokea hapo ni rahisi kueleza. Mkono wa kulia huamuru kupanda, kushuka na kwenda kando. Mkono wa kushoto huamuru kasi ya mbele na nyuma. Ndege inaposimama angani, usukani hauamuru tena kuviringika, bali huamuru kasi: kadiri unavyosogezwa, ndivyo ndege inavyokwenda. Ukiachiwa, kasi inayotakiwa ni sifuri, na kompyuta huinamisha na kuinua ndege yenyewe hadi itulie. Kati ya mkono na mahali ndege ilipo imebaki hatua moja tu ya kujumlika.

Mwaka 2005 ndege hiyo ya maabara ilitua yenyewe juu ya manowari HMS Invincible. Matunda ya kazi hiyo yaliingia katika ndege ya F-35B, ambayo huinuliwa mbele na feni kubwa na nyuma na mdomo wa injini unaopinda. Ilitua wima kwa mara ya kwanza tarehe 18 Machi 2010 huko Patuxent River, Marekani. Mwezi Desemba mwaka huo huo Harrier za Uingereza ziliruka kwa mara ya mwisho katika majeshi ya nchi hiyo, na tarehe 25 Septemba 2018 F-35B zilianza kutua juu ya manowari HMS Queen Elizabeth.

JARIBIO LA DARASANI

Wanafunzi waweza kuuhisi mnyororo huu bila ndege. Mmoja asimamishe mpini mrefu wa fagio juu ya kiganja, akitazama ncha ya juu. Kisha arudie akitazama kiganja chake tu. Mara ya pili fagio litaanguka upesi, maana habari ya kuinama humfikia amechelewa. Arudie tena kwa penseli badala ya fagio: penseli huanguka kwa haraka kuliko mkono unavyoweza kusahihisha.

Baada ya hapo warudie jedwali la kwanza kwa hatua ya nusu sekunde, wakikumbuka kuzidisha kila badiliko kwa 0.5, na walilinganishe na lile la sekunde 1. Watakaoona bembeo likikua polepole zaidi, lakini likikua tu, watakuwa wameelewa kwa nini mhandisi hatosheki na kompyuta ya kasi, na kwa nini kabla ya kumlaumu rubani hukagua kwanza mistari ya hesabu.